Dishi kwenye nyumba iliyozungukwa na miti mirefu: maswali tunayoulizwa sana Mwanza

Tunafunga madishi kuanzia Buhongwa hadi Igombe, na mara mojamoja ng'ambo ya Kamanga. Simu nyingi tunazopokea huanza hivi: "Fundi, kwangu kuna miti, sijui kama dishi litashika." Haya ni majibu yale yale tunayowapa watu tukiwa tumesimama nao uani, sote tunatazama juu.

Nina mwembe mkubwa mbele ya nyumba. Ni lazima niukate?

Karibu kila mara, hapana.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilikwenda kwa mama mmoja Bwiru. Uani kwake palikuwa na mwembe uliopandwa na marehemu mumewe, na mchana kivuli chake ndicho kilikuwa sebule ya nyumba nzima. Aliponiuliza, nilitupa jicho juu mara moja tu, nikamwambia mti utasumbua, bora uondoke. Ukakatwa Jumamosi. Jumatatu nikafunga dishi la DStv, na nilipokaza nati ya mwisho nikaona dishi linatazama karibu utosini, mbali kabisa na pale mwembe ulipokuwa. Usingezuia chochote. Mama hakunilaumu, alinipa chai. Lakini kile kisiki nilikikuta pale kila nilipoitwa kwake miaka iliyofuata, na tangu hapo sitoi neno juu ya mti wa mtu kabla sijapima.

Kwa hiyo kwetu utaratibu ni huu: ujue kwanza setilaiti yako iko upande gani na kimo gani angani, upime, kisha utafute pa kuliweka dishi. Dishi linahama kwa nusu saa. Mwembe wa miaka thelathini hauhami.

Dishi linatazama wapi hasa nikiwa Mwanza?

Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, na zinazunguka sambamba na dunia. Ndiyo maana ukizitazama kutoka hapa ni kama zimesimama mahali pamoja. Sasa Mwanza iko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na hilo ni bahati kubwa kwa mwenye miti. Kwetu setilaiti ziko juu sana. Mtu wa London anayetafuta chaneli zake anaelekeza dishi digrii 25 hivi kutoka upeo wa macho, ndiyo maana mti wa jirani wa mbali unamkera. Ukisoma ushauri wa huko mtandaoni ukauleta Nyegezi, utakata miti bure.

Kwa hapa mjini hesabu ziko hivi, ukichukulia 0 ni upeo wa macho na 90 ni utosini. Setilaiti ya DStv iko juu ya longitudo ya nyuzi 36 mashariki, na kutoka Mwanza inaonekana kwenye digrii 85, ikiwa imeinama kidogo kaskazini-mashariki. Hiyo ni utosini kabisa. Azam iko nyuzi 7 mashariki, na kwa kuwa sisi tuko karibu na longitudo ya nyuzi 33, inaangukia magharibi yetu kwenye digrii 60 hivi. StarTimes ya dishi iko nyuzi 5, kwa hiyo ni upande ule ule wa magharibi, chini kidogo, digrii 57.

Kama huna dira, magharibi unaijua: ni upande wa Sengerema, kule jua linakozama. Ukitumia dira ya simu, simama mbali na mabati, geti la chuma na nondo, maana vyuma huipotosha na unaweza kukosea kwa digrii ishirini bila kujua.

Mti ukiwa umbali gani hauna madhara?

Hili ndilo swali lenyewe. Chukua urefu wa mti kuanzia usawa wa dishi, usianzie ardhini. Kwa Azam, gawa kwa 1.7. Kwa StarTimes ya dishi, gawa kwa 1.5. Jibu ni umbali wa chini kabisa, na sisi huongeza mita mbili kwa ajili ya upepo na kukua.

Mfano: mkaratusi wa mita 18 uko magharibi ya nyumba, na dishi limefungwa ukutani mita 3 kutoka chini. Zinabaki mita 15. Gawa kwa 1.7, unapata karibu 9. Ongeza mbili, ni 11. Kama kutoka dishi hadi matawi ya karibu ni mita 11 au zaidi, uache mkaratusi wako uishi. Tunasema hadi matawi kwa sababu mwembe unaweza kuwa na shina mita 12 kutoka hapo huku tawi moja limekunyooshea mkono hadi mita nne.

Kwa DStv hesabu ni nyepesi zaidi, unagawa kwa 12. Mti wa mita 12 juu ya usawa wa dishi unahitaji mita moja tu. Maana yake, kinachokuzuia ni kile kilicho juu ya dishi lenyewe basi. Ukiweza kusimama mahali ukatazama juu ukaona mbingu pana kiasi cha karai kubwa, DStv inakaa hapo.

Na miti iliyo kusini haikuhusu kwa setilaiti zote tatu, hata ikiwa mirefu namna gani, ilimradi matawi yake hayajatanda juu ya dishi. Kwa Azam hata ya mashariki haikuhusu.

Nitapimaje bila kifaa cha fundi?

Kwa Azam kuna njia ninayoipenda mno. Chukua mkebe wa jometri wa mtoto, toa ile pembetatu ya plastiki iliyo nyembamba na ndefu. Ina pembe tatu: 90, 60 na 30. Simama pale unapotaka kufunga dishi, geukia magharibi, ishike pembetatu usawa wa jicho, upande wake mfupi ukiwa umelala sawa na ardhi na pembe ya 60 ikiwa karibu nawe. Tazama kwa kufuata ule upande mrefu unaopanda. Unapoishia mtazamo wako ndipo ilipo setilaiti. Ukiona anga, umepata. Ukiona majani, sogea hatua mbili kushoto au kulia, utazame tena. Mara nyingi hatua mbili hizo zinatosha. Kutandaza upande mfupi kwa usahihi, mwombe mtu asimame pembeni akuangalie, au shikilia chini yake chupa ndogo ya maji iliyolazwa, yenye povu la hewa.

Njia ya pili ni jua, nayo haikosei, ila ina msimu wake. Tarehe 21 na 22 Machi, na tena 21 na 22 Septemba, jua linapita mahali pale pale setilaiti zilipo. Kwa Azam, hapa Mwanza ni kama saa 8:57 mchana mwezi Machi, na saa 8:42 mwezi Septemba. Kwa DStv ni saa 6:42 mchana Machi na saa 6:27 Septemba. Dakika hizo simama pale unapotaka kuweka dishi. Ukipigwa na jua zima, mawimbi yatapita. Ukiwa kivulini, tawi linalokuwekea kivuli ndilo hilo hilo litakalozuia picha, na unaweza kulionyesha kwa kidole. Usilikodolee jua macho, tazama kivuli chako chini. Siku tatu kabla au baada bado inafaa. Mwezi Juni au Desemba usijaribu, jua limekwenda mbali kaskazini au kusini na litakudanganya.

Kwa njia, siku hizo hizo picha inaweza kukatika dakika chache saa hizo hata kwa mtu asiye na mti wowote, kwa sababu mawimbi yanayotoka kwenye jua lenyewe yanafunika yale ya setilaiti iliyo mbele yake. Usimwite fundi. Ngoja, itarudi.

Dishi la jirani linaonekana kama linatazama shina la mti na bado linashika. Inakuwaje?

Madishi haya ya kawaida, yenye mkono unaotokea chini na kushika LNB (kile kichwa kidogo kinachopokea mawimbi), hayatazami pale uso wake ulipoelekea. Yanapokea kutoka juu zaidi, digrii ishirini na kitu. Kwa macho utadhani linatazama ukuta, kumbe linatazama juu ya paa. Kwa hiyo usimhukumu mti kwa kufuata uso wa dishi. Tumeitwa mara nyingi kuhamisha dishi "linalotazama mti" na tukakuta shida ni koneka iliyoota kutu.

Kiangazi picha ni safi. Masika ikianza inakatakata. Ni mti au ni mvua?

Inaweza kuwa vyote viwili, na kuna namna ya kutofautisha.

Mawimbi haya yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, mafupi kuliko jani la mwembe. Jani kavu linayapunguza, jani lenye maji linayanywa. Kwa hiyo dishi lililofungwa Agosti likichungulia katikati ya matawi makavu litafanya kazi vizuri, kisha vuli ya Oktoba inakuja, majani mapya yanatoka laini na yamejaa maji, na picha inaanza kuvunjika vipande vya mraba.

Angalia hivi. Picha ikipotea wakati wingu zito limetanda na mvua inapiga mabati, kisha ikarudi mvua inapopungua, hiyo ni mvua. Wingu kubwa linalotoka ziwani linazuia mawimbi hata penye uwanda mtupu, na dawa yake ni dishi kubwa kidogo, la sentimita 90 badala ya 60. Lakini mvua ikiwa imekatika, jua limetoka, na picha bado inasumbua kwa saa moja au mbili hadi majani yakauke, hiyo ni miti. Dalili nyingine ya mti ni picha kukatika kila upepo wa ziwani unapovuma mchana na kurudi ukitulia: tawi linaingia na kutoka njiani.

Kwenye menyu ya king'amuzi kuna vipimo viwili, nguvu na ubora. Kinachoanguka mti ukiingia njiani ni ubora. Andika namba ya ubora siku dishi linapofungwa, kwa kalamu, nyuma ya king'amuzi. Itakusaidia mwaka mzima.

Kwa nini tusilifunge juu ya mti wenyewe? Ni mrefu kuliko nyumba.

Hapana. Dishi la sentimita 90 linaona sehemu ya anga yenye upana wa digrii mbili tu. Mti mkubwa ukiyumba kidogo, umeshatoka. Tena mti unakua, unanenepa, unapinda chuma kinachoshikilia dishi. Na atakayepanda kulirekebisha ni mtu mwenye familia.

Na nguzo ndefu?

Ni afadhali, lakini watu huikimbilia mapema mno. Nguzo ya mita sita ya bomba jembamba itacheza na upepo wa ziwani kama mti tu, isipokuwa imefungwa waya tatu za kuishikilia. Kwa hapa kwetu mara nyingi hatuhitaji kwenda juu, tunahitaji kwenda pembeni. Setilaiti zikiwa juu kiasi hiki, dishi linaweza kukaa chini kabisa ardhini, kwenye bomba la inchi mbili lililosimikwa kwa zege, mita moja na nusu tu kutoka kwenye ukuta wa uzio wa mita mbili na nusu, na bado likaona Azam juu ya ukuta. Tafuta ule uwazi ulioko katikati ya miti, pale mnapoanika nguo. Zungushia wavu, maana mbuzi hujikuna kwenye chochote kilichosimama, na mpira wa watoto haukosi.

Nyumba yangu iko kwenye mawe, Isamilo. Hakuna pa kuchimba.

Basi una msingi mzuri kuliko zege lolote. Toboa jiwe kwa drili ya nyundo, ingiza bolti za kupanukia, kaza kitako cha nguzo. Jiwe la Mwanza haliyumbi. Madishi tuliyoyafunga juu ya majabali ndiyo tunayoitwa kurekebisha mara chache kuliko yote, na mara nyingi jabali limechomoza juu ya miti hivyo linamaliza maswali mawili kwa pamoja. Hakikisha tu jiwe ni lile lililokaa imara, si lile lililoegemezwa juu ya jingine.

Uwazi uko mbali na nyumba. Waya unaweza kuwa mrefu kiasi gani?

Hadi mita 30 hatuna wasiwasi, ukitumia waya mzuri wenye shaba katikati. Kufika 50 tunapima kwanza. Zaidi ya hapo inahitajika kifaa cha kuongeza nguvu njiani. Kumbuka king'amuzi kinapeleka umeme wa volti 13 au 18 kwa LNB kupitia waya huo huo, hivyo waya wa bei ya chini unapoteza vyote, umeme kwenda na mawimbi kurudi. Upitishe ndani ya bomba la plastiki chini ya ardhi, kina cha viganja viwili, jembe lisiukate. Usiunge katikati kwa kusokota na kufunga gundi. Na mahali waya unapoingia ndani, uache uning'inie kama tumbo dogo kabla ya tundu, maji yadondokee hapo yasifuate waya hadi kwenye king'amuzi.

Miti mirefu inavuta radi. Dishi liko salama?

Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi kuliko sehemu nyingi duniani, nyingi zikipiga juu ya maji usiku hadi alfajiri. Usiweke dishi chini ya mti mrefu ulio peke yake. Nguzo ya chuma iwe na waya wa ethi unaoshuka ardhini. Ngurumo zikisikika kwa mbali, chomoa plagi ya umeme na pia uchomoe waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Watu wengi huchomoa plagi tu, na hapo ndipo tunapokuta king'amuzi kimeungua kupitia waya wa dishi. Radi ikiwa imeshafika juu yenu, msiguse tena, acheni.

Azam na DStv vinaweza kukaa kwenye dishi moja?

Hapana, zimeachana kwa digrii 29. Kila moja dishi lake.

Kuna tawi moja tu linalozuia. Nikate mwenyewe?

Tawi moja ni sawa, na mti hautaumia ukikatwa vizuri. Likate karibu na shina bila kuchubua gome, na uanze kwa kukata kidogo chini ya tawi ili lisichane mti linapoanguka. Mwembe uupunguze baada ya mavuno, si wakati umebeba maua. Kata kwa ajili ya miaka miwili ijayo, si kwa ajili ya leo tu. Mkaratusi na mjohoro hutoa machipukizi haraka mno.

Mti ukiwa karibu na nyaya za umeme, usiguse kabisa, wapigie TANESCO waje. Mti ukiwa wa jirani, nenda ukaongee naye kabla ya kupeleka fundi, na umwonyeshe tawi lenyewe kwa pembetatu ile ya plastiki. Watu wanakataa kukatiwa mti, lakini tawi moja lililopimwa mbele ya macho yao wanakubali. Mti wa barabarani ni wa umma, anzia kwa mtendaji wa mtaa.

Walio ufukweni mjue pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mikuyu na matete ya pale yanashikilia udongo. Tena wengi wenu mko ukingo wa mashariki wa ghuba, magharibi yenu ni maji matupu. Sogezeni dishi upande wa ziwa, Azam itaingia bila panga kuguswa.

Nimepima kila kona, hakuna uwazi. Sina njia tena?

Ipo. Chukua king'amuzi cha antena. Mawimbi yake yanatoka kwenye mnara wa hapa ardhini, ni marefu zaidi na yanapenya majani vizuri kuliko ya setilaiti. Chaneli ni chache, lakini taarifa ya habari na mpira wa ndani utaviona, na miti yako itabaki.

Intaneti ya setilaiti nayo ni hivyo hivyo?

Hapana, hiyo ni ngumu zaidi kwenye miti. Ndugu zetu wa Kisumu wana Starlink tangu 2023, na setilaiti zake hazisimami, zinapita kasi kwenye kilomita 550 hivi. Kwa hiyo kifaa chake kinahitaji kuona eneo pana la anga, si tundu moja. Tawi ambalo lisingeisumbua Azam hata kidogo litakata mawasiliano kila dakika chache. Kwa kitu kama hicho, juu ya paa au juu ya jabali.

Nataka kupanda mti mpya. Niupande wapi usije kusumbua dishi?

Kusini mwa dishi, au mashariki kama unatumia Azam au StarTimes, ukiacha nafasi matawi yasije kutanda juu yake. Mama wa Bwiru nilimpelekea mche wa mwembe miaka mitatu baadaye, tukaupanda pamoja kusini mwa nyumba, hatua kumi na mbili kutoka kwenye dishi. Umeshapita bati sasa, na mchana viti vimehamia huko.